Mstari Kati ya wa Tatu na wa Nne

14 Januari

Mjomba,

Naandika hili kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, kama ilivyokuwa kwenye barua tatu nilizochana. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Siku ya mwisho ya likizo, nilipokuwa nasoma filamu ya eksirei namba 31 pale kazini kwako, niliona mstari na sikuuandika.

Sasa shikamoo. Huku hatujambo. Mama anashona sare za shule tangu mwaka uanze, na vidole vimemfa ganzi. Kitindamimba wetu ameng'oka meno mawili ya mbele, kwa hiyo kila akisema neno lenye "s" anapiga filimbi. Nimerudi shuleni salama, na nimekaa dawati lilelile la nyuma, karibu na kabati la ramani.

Nirudi kwenye jambo langu. Unakumbuka wiki ya kwanza nilipokuja kukusaidia? Nilikuta alama nyembamba kwenye filamu nikaipima mara tano, nikaja kukuita. Bwana Tanuri, yule mwoka fuwele wenu, akaja naye, akapuliza, alama ikaruka. Akapiga kelele hadi chumba cha tanuri: "Njooni mwone, Profesa kagundua unywele!" Walicheka wote. Na wewe ulicheka, Mjomba, ingawa uligeuka ukutani. Tangu siku hiyo hata yule mama wa stoo akawa ananiita Mama Unywele.

Kwa hiyo siku ya filamu 31 nilipoona mstari mwingine uliofifia, kati ya wa tatu na wa nne, nilipuliza. Haukuruka. Nilifuta kwa kitambaa. Haukufutika. Ulikuwa kama mstari wa penseli uliopitishwa raba. Nilishusha rula, ukawa kwenye milimita 47.9. Ndipo ukachungulia mlangoni ukauliza, "Profesa, umekwama?" Nikasema sijakwama. Nikauruka nikaandika wa nne, 52.1, nikamaliza ukurasa, nikaenda kupanda basi.

Pengine si kitu. Lakini kila nikifungua daftari lolote nauona.

Mpwa wako


9 Februari

Mpwa wangu Profesa,

Marahaba, marahaba, na nyingine uniwekee akiba. Mimi mzima. Paa la chumba cha filamu limeanza kuvuja, tumeweka ndoo, na Bwana Tanuri anasema ndoo hiyo ndiyo kifaa pekee hapa kinachofanya kazi saa zote bila kulalamika. Mwambie dada yangu asishone mpaka akajishona na yeye.

Umenichekesha na hilo ungamo lako. Mtoto mzima unakosa raha kwa ajili ya mkwaruzo! Filamu hizo tunazining'iniza kwa vibanio, tunaziosha, tunaziburuta mezani, zina mikwaruzo mingi kuliko magoti ya kitindamimba. Ulifanya vizuri kuuruka. Msomaji mzuri anajua cha kuacha.

Sasa sikia habari njema. Ripoti imetoka! Nimeifunga humu pamoja na barua. Fungua ukurasa wa mwisho uone jedwali: namba zako, zimepigwa chapa. Mhandisi kasoma kasema, "Safi sana, fuwele zetu ni za mpango mmoja tu, hazina mchanganyiko." Alinipa mkono mbele ya watu. Tarehe 30 Machi wenye kiwanda cha mabati wanakuja kutia saini. Vipande vyetu vitafungwa kwenye mashine zao kumi na mbili za kukata, viwe macho. Mkono ukipita mbele ya mwanga, jicho linaona kivuli, kisu kinasimama. Fikiria hilo unapokula.

Miaka kumi na tisa nasoma filamu, hii ndiyo mara ya kwanza jina langu kuwa kwenye jalada.

Mjomba wako


17 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Ripoti imefika na nimeilalia chini ya mto. Mama aliishika akasoma jina lako kwa sauti mara mbili, kisha akamwita jirani akalisoma tena. Halafu alitazama barua yako akasema, "Huyu kaka yangu siku hizi anaandika kama anapaka rangi ukuta. Maneno matatu, mstari umejaa." Nikamwambia labda una haraka.

Mjomba, usikasirike. Niliazima maktaba kitabu cha fuwele ambacho jalada lake limeng'oka, na nimepanga mfano wa fuwele zenu za kadimiamu salfaidi kwa gololi za kitindamimba na gundi. Analia kila siku kuhusu gololi zake. Nimeona kitu ambacho ulinieleza nikakubali bila kukielewa.

Tabaka la kwanza unalipanga limebanana. La pili linakaa kwenye vishimo vya la kwanza. Mpaka hapo hakuna tofauti yoyote. Tabaka la tatu ndilo lenye kuchagua. Likikaa sawasawa juu ya la kwanza, mpango unajirudia kila baada ya mbili. Likikaa kwenye vile vishimo vingine, basi la nne ndilo linalorudi juu ya la kwanza, na mpango unajirudia kila baada ya tatu. Kadimiamu ni ileile, salfa ni ileile, na kila moja imeshikwa na nne za mwenzake. Ukiuliza chembe iliyo jirani kabisa itakuambia hakuna kilichobadilika. Lakini miale ya eksirei inajua, na inaandika mistari tofauti kwenye filamu.

Ripoti inasema fuwele zenu ni za tatu-tatu tupu. Nimepiga hesabu mara nne. Mpango wa tatu-tatu hauwezi kutoa mstari kwenye 47.9. Wa mbili-mbili unatoa.

Tena nimewaza kuhusu mkwaruzo. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwa nini filamu moja inasomwa na watu wawili. Mistari hutoka pande zote mbili za katikati, kushoto na kulia, kama mbavu. Wa kwanza anasoma kushoto, anafunika safu yake kwa karatasi, na wa pili anasoma kulia bila kuchungulia. Mkwaruzo huwa upande mmoja. Mstari wa kweli huwa pande mbili.

Mimi nilisoma kushoto. Wewe ulisoma kulia baada ya mimi kuondoka. Mjomba, kulia kulikuwa na nini kwenye 47.9?

Mpwa wako


20 Februari

Mpwa wangu,

Hatujambo.

Nilisoma kulia. Hakukuwa na kitu.

Soma masomo yako ya shule, mtihani wako uko karibu kuliko mashine za watu. Na usiniandikie tena kwa anwani ya kazini. Hapa barua zinafunguliwa mezani kwa karani, watu wamesimama. Tumia sanduku la posta la nyumbani.

Mjomba wako


3 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Naandika kwa sanduku la nyumbani kama ulivyoniambia. Kitindamimba amepata homa na amepona. Mama amemaliza sare. Ameniuliza kwa nini barua yako ya mwisho ilikuwa na mistari michache hivyo, nikasema karatasi ilikwisha. Kabla ya hapo sijawahi kumdanganya mama kwa ajili yako.

Sitauliza tena juu ya 47.9. Nataka kuuliza juu ya mstari wa tano.

Nilichukua jedwali la ripoti nikapiga hesabu ya kila mstari, nione kama inalingana na mpango wa tatu-tatu. Wa kwanza, 26.5, unalingana. Wa pili, 30.8, unalingana. Wa tatu na wa nne pia. Wa tano umeandikwa 56.4, na haulingani na chochote, wala tatu-tatu wala mbili-mbili. Nilihangaika nao siku mbili. Mwishowe nikagundua kwamba inapaswa kuwa 54.6. Niligeuza tarakimu, Mjomba. Huwa nafanya hivyo nikiwa na wasiwasi, hata mwalimu wa hesabu amenipa jina kwa sababu hiyo. Siku ile nilikuwa nimetoka tu kuuruka ule mstari.

Hilo ni kosa langu la pili na nimelikubali. Lakini kwenye jedwali kuna safu mbili. Kushoto, 56.4. Kulia, 56.4.

Filamu haina mstari kwenye 56.4, upande wowote. Mtu hawezi kuupima. Anaweza tu kuuona umeandikwa.

Nimezisoma safu zote mbili kutoka juu hadi chini. Hazitofautiani hata kwa nukta moja. Wewe ndiye uliyeniambia kwamba safu mbili zikifanana kabisa basi mmoja wa wasomaji alikuwa amelala, kwa sababu macho mawili hayawezi kukubaliana namna hiyo.

Sijui niandike nini baada ya hapa. Nakuomba unijibu.

Mpwa wako


14 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sijui kama barua yangu ya tarehe 3 ilifika. Mama anauliza kila siku kama postamani amepita.

Mwalimu wa kemia ameona gololi zangu juu ya kabati. Akasema, "Hii ni kazi ya nani? Mbona umeweka mipango miwili?" Nikasema nilikuwa najaribu. Akaniambia niwaeleze wenzangu Ijumaa. Niliwaeleza nikiangalia sakafu. Mmoja akauliza, "Sasa kuna shida gani ikiwa imechanganyika, si kitu kilekile?" Nikabeba gololi zangu nikarudi kukaa, wakadhani sijui.

Ninajua. Uliniambia wewe. Vipande vikishafungwa kwenye vikombe vyake vya kioo huokwa mara ya pili, na kilichochanganyika hubadilika kwenye moto ule, kila kimoja kivyake. Ulichukua viwili ukapitisha kidole mbele ya taa, ukanionyesha sindano ya mita. Ukasema, "Hiki kinaona mkono. Hiki kinafikiri kwanza." Nilicheka sana siku ile.

Mashine ni kumi na mbili. Zimebaki siku kumi na sita.

Mpwa wako


19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua zako zote zimefika. Zinanichukua muda, kwa kuwa herufi zako ni kama sisimizi wanaohama, na mimi nazisoma kwa kioo cha kukuzia, neno moja moja, nimekaa mlangoni jua likiwa limenyooka. Ile ya tarehe 3 ilinichukua siku tatu kuisoma. Siku zilizobaki sikuwa naisoma. Nilikuwa nimeiweka juu ya kabati.

Unajua sikujaliwa mtoto. Basi mwaka jana nimepata: mtoto wa jicho. Pacha, mmoja kila upande. Nimejaribu kucheka kwa maneno hayo peke yangu na nimeona hayachekeshi, lakini sijui namna nyingine ya kuyaandika.

Mistari mikubwa naiona. Iliyofifia nimeacha kuiona tangu mvua za mwaka jana. Mwanzoni nilidhani taa ya meza imechoka, nikabadilisha taa. Halafu nikabadilisha kioo. Ndipo nikakuita uje likizo. Nilimwambia mama yako nakufundisha kazi, na kweli nilikuwa nakufundisha. Lakini pia nilikuwa naazima macho yako.

Siku ile ulipoondoka niliketi kwenye filamu 31 upande wa kulia. Niliona ukungu wenye mabaka meusi. Nikasema mpwa wangu ni makini kunishinda. Nikaondoa karatasi iliyofunika safu yako, nikanakili. Nilinakili na kosa lako. Miaka kumi na tisa nimefukuza vijana wawili kwa jambo hilohilo.

Sasa nisikilize. Msomaji wa filamu asiyeona ni nini? Ni mtu wa kukaa karibu na ndoo inayovuja. Mhandisi akijua, siku hiyohiyo nitakabidhi kioo changu na rula yangu, na Bwana Tanuri atanitungia hadithi mpaka nife. Niache hadi tarehe 30 ipite. Watie saini. Baadaye nitatafuta sababu, nitasema filamu imeharibika na maji ya paa, tupige nyingine, mtu mwingine asome. Itachukua mwezi, labda miwili. Mashine hazifungwi kwa siku moja.

Na mama yako asijue habari ya macho. Nakuomba hilo kuliko yote. Ataacha cherehani aje hapa kunishika mkono barabarani kama mzee kipofu, watu wananiangalia.

Hujawahi kuniangusha.

Mjomba wako


26 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Leo naandika kwa herufi kubwa na kalamu nene ya mwalimu wa sanaa. Nimetumia karatasi sita. Zote ni zako.

Nilikaa na barua yako siku mbili. Nilijaribu kufanya ulivyosema. Nilihesabu mwezi mmoja, labda miwili, nikajaribu kuona kama ni muda mfupi. Halafu nikamwona mama anapitisha kitambaa chini ya sindano, vidole viwili hapa, viwili kule, haangalii hata mara moja kwa kuwa amezoea. Nikajua watu wa mashine zile nao hawaangalii. Wameambiwa kuna jicho.

Hivi ndivyo nilivyofanya.

Jumatatu nilimwandikia Mhandisi ukurasa mmoja. Nimesema mimi ndiye niliyesoma upande wa kushoto wa filamu namba 31, nikaona mstari kwenye 47.9 na nikauacha kwa kuogopa kuchekwa. Nimesema mstari wa tano nilioandika 56.4 ni 54.6. Nimeomba filamu isomwe upya na watu wawili kabla ya tarehe 30, na nimemwambia kwamba kama hataki kumwamini mtoto wa shule basi aangalie upande wa kulia, maana mstari ukiwa wa kweli atauona na kule. Sikuandika habari ya macho yako wala habari ya safu ya pili. Akiona safu mbili atauliza, na ukiulizwa utajibu wewe. Sikuweza kukuandikia jibu lako.

Jumanne niliomba ruhusa kipindi cha michezo nikaenda posta. Niliomba iende kwa rejista, iwahi. Karani alitazama bahasha, akanitazama, akasema, "Mambo yamekuwa makubwa. Huyu mpenzi?" Nikasema, "Hapana, mhandisi." Akasema, "Hata wahandisi hupendwa," watu kwenye foleni wakacheka, na mimi nikasimama palepale mpaka nikaona ameipiga muhuri na kuitia kwenye mfuko. Kawaida ningekimbia.

Jumatano, yaani jana, nilimwambia mama.

Najua uliniomba hilo kuliko yote. Nilikuwa nimepanga maneno lakini yote yalipotea. Nikasema tu, "Mama, Mjomba haoni." Aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Akauliza, "Tangu lini?" Nikasema tangu mvua za mwaka jana, ni mtoto wa jicho. Nikadhani atalia. Akasema, "Na anajipikia mwenyewe? Kwa moto?" Nikasema sijui. Akasema, "Kaka yangu mjinga. Mjinga kabisa. Mtoto wa jicho si hutolewa? Si walimtoa mama wa nyumba ya tatu, siku hizi anaona hadi tusiyotaka ayaone?" Kisha akaniuliza, "Na wewe umebeba hilo peke yako tangu lini?" Hapo mimi ndiye niliyelia.

Amefunika cherehani kwa shuka. Nguo za wateja amempa fundi wa jirani. Anaondoka kesho kwa basi la kwanza na barua hii iko kwenye mkoba wake, kwa hiyo ukiisoma yeye atakuwa amesimama mbele yako. Ana jina la daktari wa macho na siku za kliniki, vyote ameviandika kwenye kiganja. Anasema usipomfungulia atakaa kizingitini na kuimba, na unajua anavyoimba.

Sijui Mhandisi atafanya nini. Labda barua yangu imefika leo. Labda umeshakabidhi kioo na rula, na umenikasirikia, na hutataka kuniona likizo. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie. Lakini kama bado hajakuita, kesho ni Ijumaa na saini ni wiki ijayo. Ingia kwake wewe mwenyewe kabla hajakuita. Mama amesema atakusubiri nje ya lango.

Mimi ninabaki na kitindamimba. Kesho asubuhi nina mtihani wa kemia, saa mbili na nusu. Nimemfulia sare, nimechonga penseli mbili, na sasa nakwenda kumpa mama barua hii kabla hajafunga mkoba.

Mpwa wako